Uzamili Sebuleni kwa Fundi Friji

Nyumbani kwa fundi friji kulikuwa na mafriji kumi na moja, na lililogandisha ni moja tu. Kumi yaliyobaki yalikuwa ya watu. Mengine yalipanga foleni ukumbini, mawili yalibana mlango wa bafu hata mtu mwenye mwili akalazimika kuingia kwa ubavu, na jokofu moja la kulala, lile la kuuzia soda, lilikuwa sebuleni chini ya dirisha. Juu ya mfuniko wa jokofu hilo ndipo mke wa fundi alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ya fedha kwa njia ya mtandao, mwaka wa pili huo.

Msidhani alipenda. Mtandao wa nyumba ile ulikuwa na tabia zake: chumbani hauji, jikoni unachungulia na kuondoka, pale dirishani unakaa kama umelipwa. Basi akaweka kompyuta juu ya jokofu, akavuta stuli ndefu, miguu akaegemeza kwenye mota iliyotolewa kwenye friji la mtu. Magoti yalimuuma, lakini alikuwa mtu wa kujikaza.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kazi yake ilikuwa uhasibu katika shule ya sekondari. Wanafunzi walimwita Bi Risiti. Miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya kidirisha chenye nondo akipokea ada, na katika miaka hiyo yote hakuna hela iliyoingia wala kutoka bila karatasi. Mwalimu mkuu mwenyewe aliwahi kurudishwa dukani kwa miguu kwa sababu ya boksi mbili za chaki zisizo na risiti. Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Fundi akitumwa nyanya, arudi na nyanya na karatasi, na kwa kuwa muuza nyanya hakuwa na habari na mambo hayo, fundi alikuwa akisimama njiani, anaandika risiti mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Kilichomsukuma kwenye uzamili ni bodi ya shule. Bodi ilikaa, ikaamua kuunda cheo cha Mhasibu Mkuu, na sifa ya kwanza ikawa shahada ya uzamili. Akiipata ndani ya miaka miwili, kiti ni chake. Asipoipata, ataletwa mtu kutoka nje. Mtu huyo wa nje alikuwa ameshajulikana, mpwa wa mjumbe mmoja wa bodi, miaka ishirini na saba, aliyekuja siku moja kutembezwa ofisini akauliza kile kidirisha kinaweza kubomolewa lini. Bi Risiti alimtazama kiatu mpaka nywele, akaenda nyumbani, akajisajili chuoni jioni hiyo hiyo.

Masomo yalikuwa ya video, naye alizitazama wakati wa chakula cha mchana. Mhadhara ni saa moja na nusu, mapumziko ni saa moja, kwa hiyo binti yake akamwonyesha kitufe cha kuharakisha. Mwaka mzima Bi Risiti alimsikiliza mwalimu wa masoko ya mitaji akiongea mbiombio kwa sauti nyembamba, akamzoea hivyo, akampenda hivyo. Siku ya kwanza walipokutana mtandaoni ana kwa ana, mwalimu akaongea kwa mwendo wake wa kawaida, polepole na kwa sauti nzito. Bi Risiti aliingiwa na huruma. Alimwandikia ujumbe wa kumpa pole ya ugonjwa na kumwombea apate nafuu. Mwalimu alijibu kwamba yu mzima, ila anashukuru.

Jioni alizirudia video hizo pale juu ya jokofu, na aliyezisikiliza kuliko yeye ni mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amekula chumvi, miaka sabini na minne, na kochi la sebuleni lilikuwa makao yake makuu. Hakuwa na kalamu wala daftari, lakini maneno yalimwingia. Siku moja mdogo wake fundi, yule aliyekuja kukaa wiki mbili na sasa ni mwaka wa nne yupo, alipeleka mkono kwenye kipande cha mwisho cha nyama, na bibi akamzuia kwa kijiko.

"Fikiria gharama mbadala, baba," alimwambia. "Ukila wewe, kaka yako hali."

Basi ndiyo nyumba yenyewe: fundi, mke wake, mama, shemeji anayeuza makava ya simu, na binti anayesomea ushonaji. Watu watano na mafriji kumi na moja.

Ugumu ulikuja wakati wa tasnifu. Bi Risiti alichagua kuchunguza kaya ya kipato cha kati inaweza kuishi siku ngapi kama mapato yatakatika ghafla. Alipanga kuwahoji wazazi wa wanafunzi, kaya arobaini. Wazazi walipoona fomu inayouliza una akiba kiasi gani, na anayeuliza ni yule yule anayepokea ada, walihisi kuna namna. Zilirudi fomu sita. Nne zilikuwa tupu, moja ililalamikia maharage ya shule, na ya mwisho iliandikwa kwa herufi kubwa, MUULIZE MUNGU.

Msimamizi wake chuoni alikuwa mwalimu ambaye daima alionekana kwenye skrini yumo garini, mkanda kafunga, na gari halijawahi kuonekana likitembea. Alimshauri aachane na kaya arobaini. Achukue kaya moja tu, aifuate miezi sita, aandike kila kinachoingia na kila kinachotoka.

"Unayo kaya inayokuamini?" msimamizi akauliza.

"Ninayo," Bi Risiti akajibu.

Mwongozo wa chuo, ukurasa wa tisa, ulisema wazi kwamba mtafiti asiwahoji jamaa zake. Bi Risiti aliusoma ukurasa huo mara mbili. Kisha akajaza tamko kwamba hana uhusiano wowote na kaya husika, akaweka sahihi. Na huyu, mkumbuke, ndiye aliyemrudisha mwalimu mkuu dukani.

Kuanzia hapo kila Ijumaa jioni watu wa nyumba ile waliitwa mmoja mmoja mbele ya jokofu kuhojiwa. Ili kulinda siri zao aliwapa namba. Fundi akawa Mhojiwa wa Kwanza, mama mkwe wa Pili, shemeji wa Tatu, binti wa Nne. Namba ziliwakaa. Haikupita wiki tatu, ukawa unasikia mtu anagonga bafu na kuuliza, wa Tatu unatoka au hutoki? Miezi sita ikaisha, jedwali likajaa, na matokeo yakawa ya kusikitisha. Kaya ingeweza kuishi siku kumi na tisa, ya ishirini ni njaa. Bili ya umeme ilikuwa kubwa kupita kiasi, na kurasa tatu nzima za sura ya nne zilimlaumu Mhojiwa wa Nne na pasi yake. Kuhusu Mhojiwa wa Pili, tasnifu ilisema hana akiba ya aina yoyote na anategemea wenzake kwa asilimia mia moja.

Utetezi ukapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa mtandao. Atakayefeli siku hiyo angengoja mwaka ujao, na mwaka ujao ungemkuta mpwa wa mjumbe amekaa kwenye kiti huku mafundi wanang'oa nondo za kidirisha. Bi Risiti hakulala vizuri wiki nzima, ila akiulizwa alisema, "Nitafaulu, hiyo mbona ndogo." Aliisema asubuhi, akaisema mezani, akaisema mpaka shemeji akaanza kumjibia kabla hajaulizwa.

Tatizo la mwisho lilikuwa mandhari. Nyuma ya stuli, kamera ilionyesha mafriji, na jopo la watahini lisingemchukulia kwa uzito mtu anayetetea uzamili akiwa kama yuko gereji. Kubwa zaidi lilikuwa friji la milango miwili la muuza juisi, aliyelileta mwaka mmoja na miezi minane iliyopita na tangu hapo hashiki simu. Hilo wakalifunika shuka jeupe, likanyooshwa, likapigwa pasi likiwa pale pale limesimama. Kwenye skrini lilionekana ukuta safi kabisa. Bi Risiti akatangaza amri: kuanzia saa nne mpaka saa tano na nusu asionekane mtu sebuleni, hata nyumba ikiwaka moto. Mama mkwe akahamishiwa ukumbini, kiti chake kikawekwa nyuma ya mlango, naye akatega sikio.

Saa nne ikafika. Watahini walikuwa wawili, msimamizi ndani ya gari lake na mtahini wa nje, mama mmoja mwembamba mwenye miwani na maneno machache. Bi Risiti alianza vizuri. Sauti ilikuwa thabiti, majedwali yalifunguka yalipotakiwa, akaeleza mtiririko wa fedha wa kaya bila kumeza mate. Alipofika ukurasa wa hamsini na tatu akasoma habari za Mhojiwa wa Pili na umaskini wake. Nyuma ya mlango kilisikika kikohozi.

Wakati huo huo, kwenye mlango wa nyuma, alikuwa amesimama muuza juisi. Ndiyo, siku hiyo hiyo. Alikuja na mkokoteni wa kukodi, unaolipiwa kwa saa, na hela ya matengenezo mkononi. Fundi alimwambia arudi mchana. Muuza juisi akasema mchana mkokoteni haupo. Sasa fundi alikuwa na udhaifu mmoja, hawezi kumkatalia mteja aliyeshika hela, kwa kuwa wateja wa namna hiyo aliwaona kwa nadra. Akapiga hesabu zake. Friji liko nyuma ya mke wangu, mke wangu anatazama mbele. Tukiingia tumeinama, tukalibeba na shuka lake, nani atajua?

Wakaingia wameinama.

"Samahani," mtahini wa nje akasema, akiivua miwani. "Ukuta ulio nyuma yako unaondoka."

Bi Risiti akageuka. Shuka jeupe lilikuwa linaelekea mlangoni taratibu, na chini yake kulikuwa na miguu minne, miwili akiijua vizuri sana. Damu ilimpanda kichwani. Lakini miaka ishirini na miwili ya kukabiliana na wazazi waliosahau ada si mchezo, akarudi kwenye kamera na uso ule ule wa kazi.

"Nyumba inafanyiwa ukarabati," akasema. "Niendelee na jedwali la saba?"

Angeendelea, na pengine angefika salama, kama si mlango wa ukumbini kufunguka.

"Liwekeni chini," mama mkwe akasema. "Liwekeni chini friji hilo sasa hivi."

Ukuta ukasimama. Bibi akapita mbele ya kamera kwa mkongojo wake, akafunua shuka, akavuta droo ya chini kabisa, ile ya mboga, akatoa mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kulikuwa na soksi, ndani ya soksi burungutu la noti lenye mpira. Kwa kuwa hakuwaamini watu waliobeba friji, mwanawe akiwemo, alikwenda moja kwa moja juu ya jokofu, akasukuma kompyuta kidogo kupata nafasi, akaanza kuhesabu.

"Shikamoo, mama," mtahini wa nje akasema kutoka kwenye skrini.

"Marahaba, mwanangu. Ndio nyie mnaomsumbua mkwe wangu?"

"Ndio sisi. Na wewe ni nani katika kaya hii?"

"Mimi ndiye Mhojiwa wa Pili."

Ndani ya gari, msimamizi alifungua mkanda kwa mara ya kwanza tangu afahamike. Bi Risiti alitamani jokofu lifunguke limmeze. Uongo wa tamko, sahihi yake, kiti cha ofisini, vyote aliviona vinaondoka kwa mkokoteni pamoja na friji.

Mtahini wa nje alifungua kurasa bila haraka. "Mama, hapa imeandikwa huna akiba ya aina yoyote."

"Nimesikia nikiwa pale mlangoni. Imeniuma."

"Ni kweli huna?"

"Si unaona nahesabu? Laki nne na elfu sitini. Ziko zote."

"Zimetoka wapi?"

"Barafu," bibi akasema. "Hapa ndani friji moja linagandisha. Nauza barafu dirishani jikoni, mwaka wa pili sasa. Majirani wote wanajua."

Kutoka ukumbini ikasikika sauti ya binti. "Kwa hiyo umeme si pasi yangu?"

"Si pasi yako, mjukuu wangu. Nilitaka kusema, nikaona umeshazoea kulaumiwa."

Kurasa tatu za sura ya nne zilimjia Bi Risiti kichwani moja baada ya nyingine, pamoja na mchoro wake wa rangi.

"Mama, nikuulize la mwisho," mtahini akasema. "Mtafiti alikuhoji kila wiki kwa miezi sita. Kwa nini hukumwambia?"

Bibi aliacha kuhesabu. Alimtazama mkwewe, akaitazama kompyuta, na akajibu kwa upole, kama mtu anayeeleza dawa ya kikohozi.

"Nimwambie huyu? Ni mtoto mzuri, simlalamikii, nikiugua ndiye anayenishika. Lakini ukimwambia una elfu kumi, anakuuliza imetoka wapi, saa ngapi, nani alikuwepo, na karatasi yake iko wapi. Nani ana nguvu hizo? Hapa ndani tunamwogopa wote."

"Hata mimi ninazo kidogo," shemeji akasema kutoka ukumbini. "Ziko kwenye friji la saluni, lile la hapa ukumbini, usiwaambie."

"Na yule aliye ndani ya shuka?" mtahini akauliza.

Sauti ya fundi ikatoka kitambaani. "Mimi ni wa Kwanza. Naomba nisihojiwe nikiwa nimeinama, mgongo huu si wa kuaminika."

"Mimi simo," akasema muuza juisi aliyekuwa upande wa pili. "Mkokoteni unanihesabia."

Waliambiwa watoke wote, na Bi Risiti akawekwa kwenye chumba cha kungojea cha mtandao, maana jopo linashauriana. Dakika kumi na moja aliitazama skrini yenye jina lake tu. Aibu ya uongo ilikuwepo, tena kubwa, masikio yakimwaka. Lakini kilichomchoma zaidi hakikuwa cha chuo. Ni lile neno la mama mkwe. Alijua shuleni wanamwogopa, na kwa kweli alilipenda hilo kidogo. Kwamba nyumbani watu wanaficha hela zao kwenye droo za mboga za mafriji ya watu ili tu asiwaulize, hilo hakulijua, na lilimuuma mpaka akasahau magoti.

Mtahini wa nje akarudi. Alisema tamko la uongo lingetosha kumfelisha, na yeye binafsi alikuwa tayari kumfelisha. Aliyemwokoa ni Mhojiwa wa Pili. Alisema amekuwa mtahini miaka mingi, na hajawahi kuona data inaingia yenyewe chumbani kusahihisha tasnifu.

"Una siku kumi na nne," akasema. "Tamko jipya, la kweli. Data ikusanywe upya na mtu asiye wa ukoo wenu, na wewe usiwepo nyumbani anapokusanya. Ahojiwe kila mtu wa kaya hiyo. Nawe pia."

"Mimi ni mtafiti," Bi Risiti akasema.

"Unaishi hapo?"

"Naishi."

"Basi utahojiwa."

Mtu wa kuhoji hakutafutwa mbali. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na msusi, na msusi yule alikuwa na kipaji: ukikaa kwenye kiti chake akishika kichwa chako, unasema. Hakuuliza sana, hakushangaa, hakusimulia kwingine. Mambo ya fedha hakuyajua hata kidogo, akauliza kama uhimilivu wa kaya ni ugonjwa. Bi Risiti alimpa fomu mpya, akamlipa, akampa siku mbili za mchana.

Siku ya kwanza Bi Risiti alikwenda kukaa ofisini kwake shuleni, Jumapili, peke yake, akapanga upya kalamu zilizokuwa zimepangwa. Saa tisa alishindwa. Alirudi akasimama nje chini ya dirisha la sebuleni, huku akijiambia kwamba nje si nyumbani. Ndani alisikia watu wanacheka. Mume wake alikuwa anamsimulia msusi zile risiti za mkono wa kushoto, jinsi alivyomtungia muuza nyanya sahihi yenye mkia, na jinsi mkewe alivyowahi kuisifia sahihi hiyo. Alicheka kile kicheko cha zamani, cha kupiga goti, ambacho Bi Risiti hakuwa amekisikia muda mrefu. Alisimama pale mpaka mguu ukafa ganzi. Kisha akaondoka polepole, na hakumwuliza mtu lolote jioni ile.

Zamu yake ilikuwa ya mwisho, saluni, mchana wa pili. Msusi alimkalisha, akagawa nywele, akasuka nusu kichwa kwanza ndipo akachukua fomu. Ujanja huo Bi Risiti aliugundua amechelewa, kwa maana hakuna mtu mzima anayetoka nje na nusu kichwa. Maswali kumi yalipita bila taabu. La kumi na moja Bi Risiti alikuwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Kuna fedha unayo ambayo watu wa nyumbani kwako hawaijui?" msusi akasoma.

Mstari mmoja wa nywele ukasukwa ukaisha. Ukaja wa pili. Kwenye wa tatu Bi Risiti akasema, "Ipo."

"Kiasi gani?"

"Laki tano na nusu. Iko kwenye kasha la chuma la shule, ndani ya bahasha iliyoandikwa chaki."

"Ya nini?"

"Ya ada. Ya kurudia mwaka nikifeli."

Msusi akaandika. Hakushangaa, hakuguna. "Na kwa nini hawajui?"

"Kwa sababu nimewaambia nitafaulu," Bi Risiti akasema. Macho yalimjaa maji, na msusi, ambaye alishaona mengi kwenye kile kiti, akamwuliza kama amekaza sana, akalegeza kidogo.

Tasnifu mpya ilipelekwa siku ya kumi na tatu. Safari hii alichanganya namba za wahojiwa ili asijulikane mtu, na kwenye mapungufu ya utafiti aliandika sentensi aliyoifuta na kuirudisha mara nne: wahojiwa walificha taarifa kwa kuwa mtafiti anaogopwa nyumbani kwake. Kaya, ikihesabiwa na soksi na droo zake zote, ilionekana inaweza kuishi siku mia na kumi na mbili. Jibu la chuo lilikuja baada ya siku tisa. Amefaulu. Nakala ikapelekwa kwenye bodi, bodi ikatia sahihi, na kidirisha kikabaki na nondo zake.

Jioni ya habari hiyo watu wa nyumba walitaka kuiona tasnifu. Walikaa kuzunguka jokofu, binti akafungua jedwali lenyewe, wote wakainama. Mama mkwe aliitambua laki nne na sitini yake papo hapo, ingawa sasa alikuwa Mhojiwa wa Nne, na kwenye safu ya sababu palikuwa pameandikwa "hakutaka kutaja." Shemeji alijitambua, akapauka, akaenda kuhamisha hela zake kutoka friji la saluni. Aliporudi aliwakuta wenzake wanasoma mstari wa chini kabisa.

"Huyu wa Tano ndiye tajiri wetu," akasema. "Laki tano na nusu. Sababu, ada ya kurudia mwaka endapo atafeli. Ni nani huyu?"

"Siruhusiwi kusema," Bi Risiti akajibu. "Ni siri ya mhojiwa."

Fundi alijifuta mikono yenye grisi kwenye suruali, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Basi ukimwona," akasema, "mwambie humu ndani hapakuwa na mtu aliyedhani atafeli."

"Nitamfikishia."

"Mimi nilidhani," mama mkwe akasema, bila kuinua macho kwenye jedwali. "Nyie mnafikiri zile za barafu nilikuwa nazitunza za nini?"